Alama za Meno

Tanimu alipoinua mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa chini ya sindano, aliona alama za meno.

Zilikuwa mistari miwili ya vidoti, zimezama kwenye ngozi nyekundu ya mbuzi kuanzia ukingoni hadi kwenye ua alilokuwa akilitarizi. Alizisugua kwa kidole gumba. Hazikutoka.

Tangu asubuhi alikuwa akishona vazi la farasi, matabaka mazito ya sufi, kwa mguu wenye meno unaovuta vitu vinene. Ngozi ya kifuani mwa farasi hushonwa kwa mguu mwingine, wa plastiki, laini kama kucha. Miaka thelathini hajawahi kukosea. Leo alisahau kuubadilisha, na kesho ni Idi, farasi wote wa Kano watapita mbele ya mfalme.

"Nimekwisha," alisema. "Ngozi nyingine nitaitoa wapi saa hizi?"

Binti yake, aliyekuwa sakafuni akishindilia sufi, alijipangusa mikono, akafungua kasha, akatoa ngozi nyekundu iliyokwisha kukatwa kwa kipimo kilekile.

"Umeikata lini hii?"

"Wiki iliyopita, Baba."

"Kwa nini?"

Binti aliinama kwenye cherehani, akalegeza skrubu, akautoa mguu wenye meno na kuufunga ule laini bila hata kuutazama.

Tanimu aliitazama mikono ile.

"Ngozi ya mwaka jana," aliuliza polepole, "ile aliyoisifia mfalme mwenyewe. Niliishona mimi?"

"Kunywa uji wako wa fura, Baba," alisema binti, akisimama kando ya kiti, akisubiri ainuke ili akae yeye.