Mpaka wa Sidra

Bi Nasriya alikuwa akiziba madirisha kwa mataulo, na harufu ikipenya vile vile. Gari la manjano limekuja tena alfajiri, limemwaga vyoo vya watu wa mji wa jirani, Rumeila, ndani ya bonde kavu la wadi, karibu na kisima cha kwao Sidra.

"Nguo nshazifua mara mbili," alisema. "Zinanuka mavi. Nnakula, nnasali, nnalala, yote ndani ya mavi ya watu."

Mwanawe, Harub, alikuwa ukumbini akijifukiza. Alikipitisha chetezo chini ya dishdasha yake nyeupe mpaka moshi ukatokea shingoni. Tangu apate kazi Maskati hakutoka wala hakuingia nyumbani bila ya udi.

"Dawa ni kuunganishwa, mama," alisema. "Sidra na Rumeila ziwe mji mmoja, baladia moja ya kuziendesha. Wizara iko tayari. Inangoja tu wazee wa hapa wasipinge."

"Na hayo magari?"

"Hutasikia tena ugomvi wa magari hapa. Wallahi."

Bi Nasriya akampa bakuli lake la bati lenye maua ya waridi, alilokuja nalo kutoka Unguja, limejaa vitumbua, akale na wenziwe ofisini. Ndiyo ada yao kila asubuhi. Jioni bakuli hurudi limeoshwa, linanukia sabuni.

Aliyepinga alikuwa shekhe wa Sidra, Marhoon, ndugu wa marehemu mumewe. Maadamu Sidra ni mji wa peke yake, Marhoon alikuwa na haki ya kuyasimamisha magari ya Rumeila mpakani na kuyarudisha na uchafu wao. Yaliyomponyoka ni yale ya alfajiri.

Bi Nasriya alimfuata barazani kwake.

"Shemegi, weye umeukumbatia mpaka, na mpaka wenyewe unanuka."

"Serikali ikitaka kuunganisha miji haituulizi, hutuarifu," alisema Marhoon. "Safari hii imeuliza. Kuna mtu anaisukuma, na miye simjui."

"Harub anawajua wakubwa wa wizara. Au naye humwamini? Umemlea mwenyewe."

Mzee alikiweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Basi. Kwa ajili yako, sitapinga."

Amri ilisomwa redioni Alkhamisi. Watu wa baladia walikuja kung'oa kibao cha mpakani, wakakitupa nyuma ya pikapu kama mzoga. Bi Nasriya akagawa halua nyumba kwa nyumba, hata kwa wale waliompokelea sahani bila ya kumtazama usoni.

Jumamosi, jua limeshapanda, alisikia ngurumo. Akachungulia. Magari ya manjano yalikuwa yakishuka wadini kwa foleni, mchana kweupe, taratibu, kama yanakwenda harusini. La mbele likateremsha mpira wake mnene. Uchafu ukatoka kwa kishindo, mzito, wa kijani, ukatambaa kuelekea kisimani. Mbuzi wakakimbia.

Bi Nasriya alishuka na ufagio mkononi, leso puani.

"Ondoka hapa. Nnakwenda kumwita shekhe sasa hivi."

Dereva, Mhindi wa makamo, alimjibu kwa upole, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza: "Shekhe hapana nguvu, mama. Mpaka hakuna. Mji mmoja sasa. Arbab, mwenye magari, kasema mwaga mchana, hapana khofu."

"Na arbab wenu ni nani, mwana asiye haya huyo?"

Alilisema kwa Kiswahili, na dereva hakulielewa. Alichokiona ni bibi mtu mzima anayetetemeka juani, pengine hajala kitu. Akamwonea huruma. Akaingiza mkono garini, akatoa chakula ambacho arbab wake humletea kila asubuhi, akamnyooshea kwa mikono miwili: bakuli la bati lenye maua ya waridi, na ndani yake vitumbua viwili, bado vina joto.