Neno la Sekela

Siku hizo kila nyumba yenye mtoto ilikuwa na mbwa wa serikali. Mtu akimpiga mwenzake, mbwa aliudaka ule mkono, wala hakuuachia mpaka aliyepigwa amwambie. Yule wa nyumba ya Tumpe aliletwa angali mdogo, akawa anatafuna kandambili, mwiko, hata sabuni. Aliyemfundisha ni Sekela, binti wa Tumpe, mwenye miaka tisa. Alimsogezea kipande cha utumbo puani, akasema "achia" kwa sauti ya chini, na mbwa akatema kandambili ili ale.

Jumapili moja Sekela alimwaga sufuria nzima ya maharage. Tumpe, aliyekuwa ameshinda na njaa, alimzaba kofi. Kabla hajaushusha mkono, meno yalikwisha kuzama kiganjani. Alimpiga mbwa mateke, akambamiza ukutani, lakini meno yalizidi kuingia mpaka mfupa ukalia.

"Mwambie aachie, mwanangu."

Sekela alijipapasa shavu. "Jana ulimfungia nje kwanza, mama, ndipo ukanipiga."

"Nisamehe."

"Utanipiga tena?"

"Sitakupiga."

Mtoto aliitazama damu ikichanganyika na maharage sakafuni. Kisha akasema "achia" kwa upole uleule, na mbwa akatema.

Vidole viwili havikupona. Tumpe hakumpiga tena binti yake. Lakini tangu siku hiyo, kila Sekela alipotaka kitu kwa mama yake, alimwita mbwa kwanza aje akae karibu.