Kiboko Asiyekula Nyama

Hapo kale Kiboko alikuwa mla majani, na kila aliyekutana naye alilazimika kulisikia hilo. Kiangazi kimoja, bwawa lilipobaki dogo, aliwakusanya wanyama akasema, "Tumbusi asinywe tena hapa. Mdomo unaokula mizoga unayatia maji yetu najisi."

Tumbusi akarudi nyuma kwa aibu. "Bwana mkubwa, mimi sijaua hata panzi. Nakula kilichokwisha kufa."

"Nyama ni nyama!" Kiboko akanguruma. "Nitazameni mimi. Tangu nizaliwe sijaonja hata tone la damu."

Wanyama wakaitikia kwamba ni kweli. Tumbusi akakunjua mbawa aondoke. Ndipo Paa, mama mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti, akajitokeza akitetemeka kwa hasira.

"Juzi mwanangu alisimama kwenye njia yako ya malishoni. Ulimng'ata, ukamtema, ukaenda zako kula nyasi. Ungemla, ningesema ulikuwa na njaa! Wewe umemuua bure."

Kiboko akababaika. "Lakini sikummeza."

"Basi nirudishie!"

Paa akamgeukia Tumbusi, ambaye hakuthubutu kumtazama, maana ndiye aliyeula mzoga wa yule mtoto.

"Kunywa, kaka," Paa akamwambia.

Wakainama wakanywa pamoja. Wanyama wengine wakahamia upande wao mmoja mmoja, wakamwacha Kiboko peke yake na usafi wake.