Kasuku na Maktaba ya Pimbi

Pimbi alifungua maktaba katika mji mdogo wa wanyama, akawa anawafundisha wakubwa kwa wadogo kusoma. Kasuku, ambaye zamani wote walimzunguka kusikiliza hadithi zake, aliona wivu hadi chakula kikamshinda.

Akaenda kwa Nyati, mkuu wa mji. "Mzee, vitabu vya Pimbi vina mchwa. Watatumalizia nyumba zetu!"

Nyati akaogopa, akaifunga maktaba. Pimbi alilia, kisha akabeba vitabu vyake mgongoni, akaondoka.

Kasuku akapanda tawini kwa furaha, akaanza kusimulia. Hakuja hata mmoja, wala kesho yake. Akarudi nyumbani amenuna, akamkuta mkewe anasoma kitabu, watoto wamemzunguka kimya.

"Umekitoa wapi hicho?" akafoka.

"Kaniletea Pimbi. Tangu afungiwe maktaba, anapita nyumba kwa nyumba, na kila mlango anakaribishwa."

"Kila mlango?"

"Kila mlango, baba watoto. Hata Nyati amechukua kimoja, na mchwa hajamwona. Sasa kaa usikilize au utoke nje, ila usitupigie kelele. Tumefika patamu."