Mkanda wa Jemadari

Kwenye sanduku la marehemu babu yao, Sharifu na dada yake Mwanaidi walikuta mkanda wenye bizimu kubwa ya shaba, iliyochongwa nanasi, upanga na ndege mwenye taji. Sharifu alisema ni ya jeshi. Mwanaidi akasema ya wachawi. Wakampelekea bibi yao.

“Ya beni,” alisema bibi, akiisugua kwa kanga. “Ngoma yetu ya tarumbeta. Kundi likishindwa, jemadari wake huvua mkanda na kumkabidhi mshindi.”

“Kwani babu alimshinda nani?”

“Mimi.”

“Na hakuurudisha?”

“Alikuja kila jioni kuurudisha. Na kila jioni alisema ameusahau kwao.”

Bibi akajifunga mkanda, akauacha mkongojo kitini, akaelekea uani kwa mwendo wa gwaride.