Bila Kibali

Mwaka ule serikali ilipotuhamishia kwa nguvu vijiji vya ujamaa, ilikatazwa kuhutubia watu sokoni Biharamulo bila kibali. Deodata, mjane aliyeuza maharage, alipanda juu ya gunia lake akasema, "Watuache tuvune kwanza, ndipo watuhamishe."

Hatukuwahi kumsikia mtu akilisema hilo hadharani.

Mgambo akamsogelea, bunduki begani. "Shikamoo, mama. Una kibali?"

"Marahaba. Sina."

"Basi shuka."

Hakushuka. Alikuwa peku, udongo mwekundu wa shambani umemganda miguuni hadi kwenye vifundo.

Mgambo aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia, akatugeukia sisi sote.

"Hata mama yangu hajavuna," akasema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani.