Kichekesho Bora cha Mzee Bakuli

"Yule mama wa kiti cha nyuma, ama acheke ama atoke!" mwongozaji wa matangazo alifoka ndani ya kisikilizio cha Paskazia. "Kila kamera ikipita kwake, tunawarushia watazamaji sura ya msiba."

Paskazia akageuka. Watu wote walikuwa wanajipiga mapaja kwa kucheka. Ilikuwa Jumamosi alasiri, na kituo chao cha televisheni hapo Mwanza kilikuwa kinarusha moja kwa moja sherehe ya kuchagua kichekesho bora cha "Nyumba ya Bakuli", mchezo uliowavunja watu mbavu miaka mingi iliyopita. Yeye ndiye aliyeandaa shughuli nzima. Ikiharibika, imemharibikia yeye.

Kwenye skrini kubwa Mzee Bakuli alikuwa anasonga ugali wa sabuni ya unga. Mkewe mgonjwa kalala chumbani, yeye kachanganya pakiti, povu linapanda mpaka kwenye miwani. Ukumbi ukalipuka. Mama wa kiti cha nyuma alilitazama povu lile kama mtu anayejua atakayelisafisha ni yeye.

Paskazia akamwendea, akachutama pembeni yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Vichekesho havijakupendeza?"

"Nimeshaviona."

"Kwenye televisheni?"

"Kabla ya hapo."

Paskazia akadhani anazungumzia kanda za video za zamani. Akamuuliza jina, akaambiwa Akelo. Nani kamwalika? Hakualikwa na mtu. Alisikia redioni kwamba kiingilio ni bure, akaja. Paskazia akamletea soda na kipande cha keki, maana kwa uzoefu wake hakuna Mtanzania anayenuna mbele ya keki. Akelo akala, akashukuru, akafuta vidole. Hakucheka.

"Atakuwa wa kanisani," Paskazia alinong'ona kwenye kipaza sauti. "Wamemtuma achunguze maadili."

"Basi mpigeni picha kwa nyuma," mwongozaji akajibu.

Kule mbele mgeni rasmi alikuwa ameshika jukwaa. Alimwita mzee Oyugi, mwigizaji wa Mzee Bakuli, na Janet, mwigizaji wa Mama Bakuli, akawashikanisha mikono. Akasema ndoa yao imekuwa shule kwa vijana wa Kanda ya Ziwa. Akasema hata yeye, akikorofishana na mkewe, hujiuliza kwanza Mama Bakuli angesemaje. Kisha akawakabidhi godoro la futi sita kwa sita. Vigelegele vikapigwa. Aliyeitwa kulibeba godoro lile alikuwa mume wa Janet, fundi magari wa Igoma, ambaye hakuna aliyeuliza ni nani.

Paskazia alimwona Oyugi akilitazama godoro likiondoka. Mzee kachoka, akawaza. Tangu mazoezi ya asubuhi alikuwa hivyo: shati halijaguswa na pasi, macho mekundu, na chai ya wageni kainywa kama mtu ambaye nyumbani hakupewa.

Kura zikahesabiwa. Kilichoshinda ni kile ambacho kila mtu alijua kitashinda: Mzee Bakuli kafungiwa nje, kasimama na sangara mkononi, anaubembeleza mlango usiofunguka. Fremu yenye mlango wa mbao ikaletwa jukwaani ili wakongwe wale waigize upya. Janet akaenda kusimama nyuma ya mlango huo. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu.

"Mama Bakuli!" Oyugi akaanza. "Fungua, samaki ananuka!"

"Na wewe pia!" ukumbi mzima ukaitikia.

Hapo alitakiwa ajinuse kwapa. Hakujinusa. Alimlaza samaki sakafuni taratibu.

"Mama Ojwang," akasema.

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee kasahau jina la mke wake!

"Kila jambo la ndani kwetu nimelipeleka kwa watu wakalicheka. Hata yale uliyoniambia ukilia."

Wakacheka zaidi. Janet akachungulia kando ya mlango, akanong'ona, "Samaki, mzee. Sema samaki."

"Nikawaambia watu wewe unakoroma. Sasa nalala kwenye benchi kwa mpwa wangu, na mpwa wangu anasema anayekoroma ni mimi."

Mgeni rasmi alikuwa anafuta machozi kwa tai. "Mwacheni abuni!" mwongozaji alipiga kelele. "Mwacheni! Watu hawajapata kucheka namna hii!" Paskazia naye alikuwa anacheka, mpaka alipomwona mzee akivua miwani ya Bakuli. Kwenye mazoezi hakuivua.

Oyugi akaegemeza paji la uso kwenye ule mlango wa mbao. "Fungua," akasema.

Kwa mazoea ya kazi Paskazia akageuka kutazama nyuma. Akelo alikuwa kajifunika mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Hatimaye!

"Kamera ya nyuma, haraka, anacheka!" Paskazia akaagiza, akamkimbilia. Alimkuta ameshasimama, pochi kwapani, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango wa ukumbi.

"Mama, unaondoka? Zawadi za watazamaji bado."

"Nimeacha mboga jikoni," Akelo akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nisaidie jambo moja tu, mwanangu. Yule mzee akimaliza kuwachekesha watu, mwambie mke wake anasema aje nyumbani. Mlango uko wazi."